Nchi Tatu, Ndui Moja

Ijumaa iliyopita mgeni mmoja aliketi barazani kwetu, hapa Kindu, akala wali wangu na kuku wangu, kisha akasema neno lililonichoma. Ni mtu wa pwani, amesoma, ametembea nchi nyingi. Yeye na wanaume wa mtaa walikuwa wakizungumza juu ya ndui. Akasema kila nchi ilikuwa na namna yake ya kuikabili: watu wa pwani walijua kuchanja, Wazungu walikuja na dawa yao ya vichupa, lakini washenzi wa msituni hawakuwa na lolote, walijificha tu kama wanyama mpaka wakaisha. Wanaume wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sinia mkononi.

Niliiweka sinia chini. Sikumjibu, kwa sababu mgeni ni mgeni. Lakini mwanangu anajua kuandika, na leo nimemkalisha hapa na kalamu yake. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinilainishie maneno. Tayari ameniomba mara mbili niseme polepole.

Nchi hizo tatu mimi nimekaa ndani ya zote. Katika moja nilikuwa mtumwa, katika ya pili nilikuwa mtoto wa nyumbani, katika ya tatu sijui mpaka leo nilikuwa nani. Na ndui niliiona katika zote.

Nilizaliwa msituni, ng'ambo ya mto, upande wa njia ya Punia. Nilipokuwa mdogo niliugua ndui nikapona. Ndiyo maana uso wangu uko hivi. Nikiwa sijavunja ungo bado, watu wa bunduki walichoma kijiji chetu wakatufunga kamba. Nikavushwa Lualaba nikaingizwa katika nyumba ya tajiri mmoja wa pwani, mnunuzi wa pembe za ndovu, hapa Kindu. Sitalitaja jina lake. Alikuwa na nyumba ya udongo yenye baraza pana, na nyuma yake uani, ambako sisi wanawake tulitwanga mpunga wa misafara tangu alfajiri mpaka mikono inakufa ganzi.

Uani nilipata shoga. Tulitwanga kinu kimoja, mimi nikishusha mchi yeye anapandisha. Alitoka upande mwingine kabisa, kusini, na mwanzoni hatukuwa na lugha ila Kiswahili kile tulichookota kwa mabwana. Yeye alizaa binti, nami nikazaa huyu mwanangu. Baba yake alikuwa mpagazi. Alikwenda na msafara wa Lubutu hakurudi, wala hakuna aliyeniambia kilichompata. Watoto wetu walikua pamoja kwenye kivuli cha kinu. Yule binti alikuwa amemzidi mwanangu kwa miezi michache, akawa anamfundisha kutembea kwa kumvuta mikono yote miwili.

Siku moja, kabla ya jua la utosi, msafara ukaingia kutoka Tunda. Nilikuwa nikiteka maji, nikauona ukipita. Wapagazi wanne wa nyuma hawakubeba pembe. Walibeba mtu katika machela ya nguo, na uso wa mtu yule nilikuwa naujua. Sisemi namjua yeye. Naujua ule uso, namna ngozi inavyojaa malengelenge yaliyobanana kama punje kwenye gunzi la hindi.

Nilikimbia nyumbani. Nilimkuta bwana kizingitini, nikapiga magoti.

"Bwana, msafara wa Tunda una ndui."

Aliniangalia kwa utulivu. "Najua," akasema. "Mtu aliutangulia jana akaniambia. Wewe umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie. Mitumbwi inangoja pembe. Watu wakisikia ndui, waendesha mitumbwi watakimbia."

Alijua tangu jana. Angeweza kuuzuia msafara nje ya mji, kule mashambani, wapagazi wakapumzika huko na kulishwa. Hakufanya hivyo. Wapagazi waliingia, wakalala katika nyumba za watu, wakanunua samaki sokoni, wakakoka moto na jamaa zao.

Lakini kwa watu wa nyumba yake alifanya haraka. Kesho yake aliitwa mwalimu mmoja mzee aliyejua kuchanja. Alikuja na wembe na ganda dogo la konokono, na ndani ya ganda usaha alioutoa kwa mgonjwa mwenye vipele vichache, ugonjwa mwepesi. Niliitwa niwashike watoto kwa sababu mimi nina makovu, ndui hairudi kwangu. Niliwashika mmoja mmoja, watoto watano wa bwana, nikaona kila kitu. Mwalimu alikwaruza mkono juu ya kiwiko, mkwaruzo mdogo, damu ikachungulia tu, akapaka usaha kwa ncha ya kijiti, akafunga kitambaa. Wakati wote alikuwa anasoma dua. Haikuchukua muda hata wa kuchemsha uji.

Mwalimu alipokuwa akinawa mikono, nilimwendea bwana.

"Na wetu je, bwana?"

"Wenu nani?"

"Watoto wa uani. Wako wawili tu. Usaha umebaki kwenye ganda."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Mpaka leo nikikumbuka ule upole damu inanichemka. Alisema, "Mtoto akichanjwa hupata homa siku nyingi, na mama yake hukaa naye. Nani atautwanga mpunga wa safari? Wa uani Mungu atawaangalia." Kisha akanigeukia tena. "Lichome moto hilo ganda."

Nilikwenda jikoni na ganda. Sikulichoma. Nililifunga katika pindo la kaniki yangu nikaendelea na kazi. Alasiri, bibi mwenye nyumba alipojinyoosha kulala, nilimchukua mwanangu nyuma ya ghala nikamkwaruza kwa kisu cha kumenyea mihogo. Alilia, nikamziba mdomo kwa ziwa. Nilipaka usaha wote uliobaki.

Wote. Mwandishi wangu ameinua kichwa ananitazama. Andika, mwanangu.

Shoga yangu alikuwa hatua ishirini kutoka pale, anapepeta. Nilikuwa nimepanga kumwita. Nilipofungua pindo nikaona usaha ni kidogo, umeanza kukauka, nikafikiri: wa mtoto mmoja huu. Na nikafikiri pia: yeye hawezi kuficha jambo, uso wake utasema, bibi atajua, tutachapwa, na mwanangu atatupwa nje. Yote mawili niliyafikiri kwa muda mfupi kama kupepesa jicho, kisha nikapaka wote kwa wangu. Nilipotoka nyuma ya ghala aliniuliza, "Mutoto iko analilia nini?" Nikasema, "Siafu wamemuuma."

Siku ya tisa watoto wa bwana walitoka vipele vichache, homa ikashuka, wakaanza kukimbia uani kama kawaida na vidonda vyao. Hakuna aliyewatenga. Walicheza na sisi wote, walikula katika mabakuli tuliyoyaosha sisi. Mwanangu naye alitoka vipele. Nilivificha kwa kitambaa na mafuta ya mawese. Na kila mchana alilala mkeka mmoja na binti wa shoga yangu.

Wakati ule sikujua kwamba aliyechanjwa naye anaambukiza. Mwalimu hakusema. Labda alijua, labda hakujua. Baada ya siku kumi na kitu yule binti akashikwa na homa, kisha mgongo, kisha uso. Yake haikuwa ya vipele vichache. Ilikuwa ile ya machela.

Sijui ilitoka kwa nani. Mji mzima ulikuwa umeshaanza kunuka. Inaweza kuwa ilitoka kwa wapagazi, au kwa watoto wa bwana, au kwenye ule mkeka. Nimejiuliza miaka yote hii na sijapata jibu.

Wagonjwa walipozidi, mabwana wa Kindu walikaa shauri, na shauri lao likawa hili: watumwa wote wenye ndui wavushwe mto, wakawekwe ng'ambo. Wagonjwa waungwana walibaki vyumbani mwao wakipepewa. Bibi aliona vidonda vya mwanangu, ambavyo vilikuwa vinakauka, akapiga kelele. Bwana akaniambia, "Wewe una alama, utakwenda kuwatazama. Chukua na mwanao. Chakula kitaletwa kila siku ya pili."

Shoga yangu alimshika binti yake asimwachie. "Mimi pia nitaenda," akasema. "Mutoto yangu, mimi njo mama yake!"

"Wewe hujaugua bado," bwana akamjibu. "Ukienda utakufa, nami nitakosa mtu wa kutwanga."

Wanaume wawili walimtoa yule mtoto mikononi mwake. Wakanipa mimi. Shoga yangu aliniambia tu, "Umushike kama wako." Nikasema ndiyo.

Ng'ambo hapakuwa na kitu. Majani, miti, na ukingo wa tope. Tulikuwa watu kama thelathini, wengine hawawezi kusimama. Nilikata majani ya mgomba nikawalaza juu yake, kwa sababu mkeka unagandamana na vidonda na kuondoka na ngozi. Nilifanya nilichomwona mama yangu akifanya nilipougua: maji ya uvuguvugu, mafuta ya mawese kwa unyoya wa kuku, uji mwepesi, kufukuza nzi. Chakula kililetwa mara mbili. Mtumbwi haukufika hata ukingoni. Walitupa mafurushi majini karibu na nchi kavu wakageuza. Mara ya tatu hawakuja. Nilikaa ukingoni nikiita. Kutoka pale niliweza kuona moshi wa jiko letu. Niliweza kusikia michi. Walikuwa wanatwanga mpunga wa safari, na sisi tulikuwa tunachemsha majani.

Wengi waliokufa kule hawakufa kwa ndui. Walikuwa wameshapona ndui. Walikufa njaa huku makovu yao yakikauka.

Binti wa shoga yangu alikufa siku ya saba. Macho yalikuwa yameziba, akawa anauliza kama mama yake amefika. Nilimwambia amefika. Nikaigeuza sauti, nikamsemesha kwa maneno ya mama yake, akanyamaza, akafa mikononi mwangu. Mwanangu alikuwa kando, amepona, anacheza na gome la mti. Nilimzika chini ya mti mwekundu, nikachimba kwa kisu kile kile cha mihogo.

Hapo nikawaambia waliobaki, "Mabwana wametusahau. Mimi ninakwenda msituni kwetu. Anayeweza kutembea anifuate." Tulikuwa saba.

Tulitembea siku nne. Kijiji chetu cha zamani kilikuwa majani tu, lakini nilijua kijiji cha ndugu za mama yangu kiko mbele. Tulipokaribia tulikuta gogo limelazwa katikati ya njia, na juu yake matawi mabichi. Nyuma ya gogo walisimama wanaume wenye pinde.

"Simameni hapo!" mmoja akaita. Ilikuwa lugha yangu. Miaka sikuisikia.

Nikajitaja, mtoto wa nani, wa ukoo gani. Mtu mmoja mwenye mvi akaja mbele akanitazama sana. Alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama. Alilia wazi mbele ya watu. Lakini hakuvuka gogo.

"Mwanangu," akasema, "mnatoka wapi?"

"Kwenye ndui."

"Basi kaeni hapo. Kile kibanda tumewajengea watu kama ninyi. Mwezi ukifa na mwingine ukifa, mtaingia."

Nilimtukana. Ndiyo, mjomba wangu mwenyewe, niliyemdhania amekufa. Nilimwambia yeye ni sawa na mabwana waliotutupa. Mzee mmoja kati yetu, mpagazi, akasema yeye hangoji miezi, akaanza kupanda gogo. Pinde zilivutwa zote kwa pamoja. Akarudi chini.

Nilikuwa na hasira siku ile na kesho yake. Lakini asubuhi ya kesho mwanamke alikuja akaweka kitu kwenye kisiki, hatua kumi kutoka kwetu, akarudi nyuma akatungoja tuchukue. Ndizi zilizochomwa, samaki wa moshi, chumvi ya majani. Jioni wakaleta tena. Na siku iliyofuata. Hawakukosa hata siku moja, hata mvua ilipofunga njia na wao wenyewe wakala mara moja kwa siku. Mjomba alikuwa anakuja kila asubuhi kukaa upande wake wa gogo, mimi upande wangu, tunazungumza kwa sauti kubwa habari za mama yangu. Mwanangu alimjua babu yake kwa mbali hivyo, kama mtu wa ng'ambo.

Na sheria ile haikuwa ya wageni tu. Mke wa mkuu wa kijiji, mke mkubwa, alikuwa katika kibanda cha pili kando ya chetu, upande huu huu wa gogo. Alitoka vipele, siku hiyo hiyo akatolewa, mumewe mwenyewe akimtangulia njiani. Waliomwuguza ni wenye makovu. Alikula ndizi zile zile tulizokula sisi.

Miezi miwili ilipokwisha walitunyoa nywele, wakachoma nguo zetu, tukaoga mtoni, tukaingia. Katika kijiji kile walikufa watu watatu tu mwaka ule. Mgeni wa barazani anasema walijificha kama wanyama.

Sisemi hawakuwa na kosa. Niliwaeleza habari ya kuchanja. Niliwaonyesha mkono wa mwanangu. Walinisikiliza, kisha mkuu akasema, "Sisi tunakesha kuzuia ugonjwa njiani, na wewe unataka kuutia mwilini kwa mkono?" Niliwabembeleza miaka. Mjomba mwenyewe alikataa. Waliamini gogo. Na gogo ni zuri, mpaka aje mtu mwenye nguvu ya kulivuka.

Huyo alikuja. Tulisikia mbali kwamba Wazungu wamepigana na mabwana wa pwani na kuwashinda, na kwamba Kindu sasa iko chini ya Leta, ndivyo watu walivyoiita serikali yao. Niliposikia nilifurahi; sitaki kusema uongo. Nilicheza ngoma. Nilidhani anayemshinda mwizi ni mtu mwema.

Mwaka uliofuata ndui ikapanda mto pamoja na askari. Kijiji kililaza gogo. Zikapita wiki mbili, kisha sajini wa Leta akaja na askari kumi na wapagazi wao, wanataka watu wa kubeba mizigo na wa kukata mpira msituni. Mjomba alisimama nyuma ya gogo, mzee sasa, bila upinde, mikono wazi. Mimi nilikuwa pembeni yake kutafsiri.

Nilisema, "Mukubwa, tunakuomba. Njia imefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Mutaenda kupita kule chini. Chakula tutawapa, tutaweka hapa."

Sajini alicheka. "Njia njo ya Leta. Muntu anafunga njia, iko adui."

Nyuma yake nilimwona mpagazi mmoja amekaa chini, kichwa katikati ya magoti. Nikamwonyesha sajini. "Yule ni mgonjwa. Muangalie uso!"

Hakugeuka. Askari walilisukuma gogo kando kwa miguu. Mjomba alipigwa kitako cha bunduki kifuani akaanguka. Wakaingia, wakalala mle siku tatu, mpagazi mgonjwa naye akawekwa ndani ya nyumba ya mkuu. Walipoondoka walichukua wanaume wenye nguvu wote, na mimi na mwanangu kwa sababu nilijua Kiswahili. Nilimwacha mjomba amelazwa, anakohoa damu.

Hapa Kindu, kwenye posta ya Leta, yaani kituo chao cha askari, nikaona nchi ya tatu. Nisikilizeni vizuri, maana hii ndiyo inayosifiwa. Walikuwa na dawa, ni kweli. Ilikuwa katika vichupa vyembamba vya kioo, inatoka kwao, na ilikuwa bora kuliko usaha wa mwalimu: aliyechanjwa nayo haanguki, hatoki vipele mwili mzima. Mzungu wa posta alichanja Wazungu wenzake, kisha askari, kisha wanawake wa askari. Vichupa vikaisha. Vilivyofuata viliharibika kwa joto njiani, ikasemwa. Wapagazi, wakata mpira, watu wa mtaa, hakuna. Kwa hao kulikuwa na moto: nyumba yenye mgonjwa ilichomwa, na vyombo vyote ndani, na wenye nyumba, wagonjwa na wazima, walifungiwa katika uzio mmoja nyuma ya bohari. Waliingia wazima wakatoka maiti.

Nilipewa kazi ya kupika kwa Mzungu. Siku moja mchana nilimwekea sahani mezani sikuondoka. Sajini alikuwepo, akatafsiri.

"Mwambie," nikasema, "kijiji chetu kilikuwa salama. Walifunga njia kwa sababu walijua. Ninyi mumelisukuma gogo lao. Mwambie wasiougua wasichanganywe na wagonjwa kwenye uzio. Mwambie walishwe."

Sijui sajini alitafsiri nini. Mzungu alisikiliza. Alikuwa kijana, amekonda, macho ya njano kwa homa. Hakunigombeza. Alisema maneno marefu, na sajini akayafupisha: "Anasema pole. Anasema Leta inafanya inavyoweza. Anakupa chumvi."

Akanipa chumvi, konzi moja, katika karatasi. Na mimi niliichukua. Laiti ningeimwaga mbele yake! Lakini mwanangu alikuwa hajaonja chumvi tangu tutoke msituni, nikaichukua, nikainamisha kichwa, nikasema aksanti.

Baada ya siku chache mkata mpira mmoja aliyetoka kule aliniambia kijiji hakipo. Mjomba alikufa kwa lile pigo kabla ndui haijaanza. Waliobaki iliwakuta wamechanganyika, na wenye nguvu za kuwauguza na kuwaletea chakula kwenye kisiki walikuwa huku, wanabeba mizigo ya Leta.

Nililia mchana mmoja mzima. Kisha nikaacha kulia nikaanza kazi. Mwisho wa mtaa palikuwa na banda lililoachwa. Nikamtafuta mgonjwa mwenye vipele vichache, nikachukua usaha kama nilivyomwona mwalimu. Nikawaambia watu wa mtaa: nitakuchanja, lakini ukichanjwa hutoki bandani mpaka magamba yote yadondoke, hata uwe unajisikia mzima namna gani, na ndugu zako walete chakula waweke mlangoni. Wengine walinifukuza. Wengine walikuja. Mwanamke mmoja niliyemchanja alikufa, na mumewe alinitemea mate, nami sikujifuta. Wengi walipona.

Siku moja mtu akasimama mlangoni mwa banda. Nilimjua kabla hajasema. Alikuwa shoga yangu. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake, amebaki pale pale uani kwa bwana mpaka Leta ilipomtoa bwana, na ndui ya kwanza ilimpita bila kumgusa.

"Nasikia unachanja watu," akasema. "Nichanje."

Nilikuwa na wembe mkononi. Ningeweza kumchanja tu. Nilisema, "Kaa kwanza. Iko neno."

Nikamwambia. Ganda, pindo la kaniki, nyuma ya ghala, siafu. Nikamwambia mkeka. Nikamwambia binti yake aliuliza kama mama amefika, na nilivyomjibu kwa sauti ya kuiga. Sikupunguza. Nikamwomba msamaha.

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Mwishowe akasema, "Usaha ulikuwa wa kutosha mtoto mmoja tu?"

"Sijui. Sikujaribu kugawa."

Akanitazama usoni, kwenye haya makovu yangu, muda mrefu. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Kisha akavuta nguo begani, akanyoosha mkono.

"Kata."

Nilimchanja. Alikaa bandani mpaka alipopona, na siku zote hizo hakunisemesha ila kuomba maji. Alipotoka hakuniaga. Lakini kuanzia wiki iliyofuata nilikuta kila asubuhi mlangoni kapu la mihogo iliyopikwa, ya wagonjwa wote, na nilijua mkono uliolisuka. Alileta mpaka siku sajini alipokuja na askari kulichoma lile banda, akisema kuchanja ni kazi ya Leta peke yake. Waliokuwemo tuliwatoa wakiwa wameshapona, ashukuriwe Mungu.

Mimi na shoga yangu bado tunaishi katika mji huu. Tukikutana sokoni yeye hunipa salamu kama dini inavyotaka, nami humwitikia, kisha kila mtu huchagua samaki wake. Sijawahi kumwomba msamaha mara ya pili, na yeye hajawahi kusema kama alinisamehe mara ile ya kwanza.